Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupima Kazi ya Protini za Ukarabati wa DNA katika Ubadilishaji wa Daraja la Kingamwili

Ubadilishaji wa daraja ni pale seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, inapoacha kutengeneza daraja la IgM na kuanza jingine, kama IgG au IgA, kwa kukata DNA yake na kuiunga upya. Wanafunzi wengi wanaofanya jaribio la kuupima hukwama mahali pale pale. Huzima jeni ya protini fulani ya ukarabati, huamsha seli B, huona IgA imeshuka, kisha huandika kwamba protini hiyo ndiyo inayounga DNA iliyokatika. Mhakiki anapouliza kama seli ziligawanyika sawasawa, kama AID, kimeng'enya kinachoanzisha mkato wa DNA, kilikuwepo, na kama DNA ilikatwa kweli, majibu hayapo, na kazi ya miezi hurudi mwanzo. Wengine hukwama mapema zaidi, kwa sababu hata seli zao za kawaida ambazo hazijaguswa hazibadiliki.

Mwongozo huu unashika kanuni moja tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho: thibitisha kwanza kwamba DNA ilikatwa, ndipo uishtaki protini kwa kushindwa kuiunga. Mshonaji halaumiwi kabla haijajulikana kama mkasi ulipita kwenye kitambaa.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara pia. Mtoto mwenye kasoro katika njia hii anaweza kuwa na IgM ya kutosha, au hata iliyozidi, huku IgG na IgA zikikosekana au zikiwa chache mno, naye huugua mapafu na masikio mara kwa mara. Kujua kama kasoro iko kwenye kukata au kwenye kuunga ni kujua kama seli zake nyingine za mwili nazo zina tatizo la kukarabati DNA, na kwa hiyo kama mionzi ya matibabu inaweza kumdhuru.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Jaribio huchukua siku tatu mfululizo tangu seli zinapoamshwa, na haliwezi kusimamishwa katikati ili kusubiri kemikali.

Seli. Tumia seli za CH12F3, ambazo ni seli B za saratani ya panya zinazobadilika kutoka IgM kwenda IgA. Pata pia kloni mbili (kila moja ni ukoo wa seli zilizotokana na seli moja) za kulinganishia: moja isiyo na AID na nyingine isiyo na 53BP1, protini inayolinda ncha za DNA iliyokatika.

Mediamu. RPMI 1640 yenye seramu ya ndama asilimia 10, 2-mekaptoethanoli mikromola 50, na antibaiotiki za kawaida za ukuzaji wa seli. Maabara nyingi huongeza mediamu ya NCTC-109 kwa asilimia 5.

Viamshi vitatu. Kingamwili dhidi ya CD40 (kipokezi kilicho juu ya seli B), na sitokini mbili, yaani protini za ishara za kinga: IL-4 na TGF-β1.

Vifaa vya kupimia. Mashine ya flosaitometri, inayopima mwangaza wa seli moja moja; kingamwili dhidi ya IgA ya panya yenye rangi inayong'aa; kingamwili ya kuziba vipokezi vya Fc, ambavyo hunasa kingamwili yoyote; rangi ya DAPI ya kutambua seli zilizokufa; na CFSE ya kufuatilia mgawanyiko wa seli.

Vifaa vya uthibitisho. Kingamwili za westani bloti (kipimo cha kutambua protini zilizotenganishwa kwenye jeli) dhidi ya AID, aktini (protini ya kulinganishia) na protini unayoichunguza; vifaa vya kutoa RNA na kufanya PCR (mbinu ya kuzidisha nakala za DNA) ya kupima kiasi; vifaa vya kuzima jeni kwa CRISPR-Cas9; na virusi vya kubebea jeni vyenye alama ya GFP (protini inayong'aa kijani) kwa ajili ya hatua ya mwisho.

Gawa sitokini katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja siku ile ile zinapofika. Sitokini inayoyeyushwa na kugandishwa tena na tena hupoteza nguvu bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho, na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara hii ndiyo sababu ya kwanza ninayoishuku ninapoambiwa kwamba seli za kawaida zimekataa kubadilika.

## Mfuatano unaopaswa kuwa nao kichwani

Seli B inapoamshwa, RNA huanza kunakiliwa kupitia maeneo ya DNA yanayoitwa maeneo S, yaliyo mbele ya jeni za kila daraja la kingamwili isipokuwa IgD. Unakili huo huacha uzi mmoja wa DNA wazi, na AID hugeuza saitosini (herufi C za DNA) zilizo juu yake kuwa urasili (herufi U, ambayo kwa kawaida haimo katika DNA).

Hapa ndipo ukarabati unapoingia kwa mara ya kwanza, na huingia kama mkataji. Kimeng'enya UNG huondoa urasili, kisha APE1 hukata uzi mahali palipobaki pengo. Kwa njia ya pili, MSH2 na MSH6 hutambua urasili uliokaa mkabala na guanini (herufi G), nazo huita EXO1 na wenzake. Mikato ya nyuzi mbili zinazokabiliana ikikaribiana, DNA hukatika kabisa.

Ukarabati huingia mara ya pili kama mlinzi na muungaji. ATM hutoa taarifa ya hatari, H2AX hutiwa fosfati, RNF8 na RNF168 huweka alama kwenye kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga), na 53BP1 hukusanyika hapo pamoja na RIF1 na kundi la shieldini ili ncha zisichongwe kupita kiasi. Mwishoni Ku70 na Ku80 hushika ncha, na XRCC4 pamoja na Ligesi 4 huziunga. Kipande cha DNA kilichokuwa katikati hutupwa kikiwa duara.

Kwa hiyo maneno "protini ya ukarabati" hayatoshi kueleza chochote katika jaribio hili. UNG na Ligesi 4 zote ni protini za ukarabati, lakini moja hutangulia mkato na nyingine huufuata.

## Hatua ya 1: Anza na seli ambazo bado ni za IgM

Pima IgA kwenye seli ambazo hazijaamshwa. Kloni nzuri huwa na seli za IgA zisizozidi takriban asilimia 1. Seli za CH12F3 zilizokuzwa kwa muda mrefu hubadilika zenyewe kidogo kidogo, na ukianza na asilimia 5 au 6 hutaweza kutofautisha kushuka kwa kweli na mabaki ya zamani.

Ikiwa kiwango kimepanda, tenga seli zisizo na IgA kwa mashine ya kuchambua seli, zikuze, kisha gandisha vichupa vingi vya kizazi hicho. Kila jaribio lianze na kichupa cha kizazi kile kile.

Mafanikio yanavyoonekana: grafu ya seli zisizoamshwa ina kundi moja tu, na geti ya IgA, yaani mpaka unaouchora kwenye grafu kutenga seli zenye IgA, iko karibu tupu.

## Hatua ya 2: Zima jeni na uthibitishe kwamba protini imetoweka

Tumia miongozo miwili tofauti ya RNA (vipande vifupi vinavyoielekeza Cas9 mahali pa kukata) kwa kila jeni, na upate angalau kloni mbili kutoka kwa kila mwongozo. Sababu ni kwamba kloni za CH12F3 hutofautiana zenyewe kwa uwezo wa kubadilika, hata pale ambapo hakuna jeni iliyoguswa. Kloni moja iliyoshuka haithibitishi lolote. Kuza pia kloni kadhaa zilizopitia mchakato wote wa CRISPR lakini jeni yake ikabaki salama. Hizo ndizo kilinganishi halali, kuliko seli za mwanzo ambazo hazijawahi kutengwa moja moja.

Kusoma mfuatano wa DNA peke yake hakutoshi. Jeni inaweza kuwa na badiliko na bado seli ikatengeneza kipande cha protini kinachofanya kazi. Fanya westani bloti.

Hapa kuna mtego mahsusi wa 53BP1. Protini hii ina asidi amino karibu 1,970, na kwenye jeli husafiri kama kitu kikubwa zaidi ya uzito wake wa hesabu, juu ya alama ya kilodaltoni 250. Ukiihamisha kwenye utando kwa saa moja kama unavyofanya kwa aktini, haitatoka kwenye jeli, na utadhani kloni zako zote hazina protini. Tumia jeli ya akrilamidi ya asilimia ndogo, hamisha usiku kucha kwenye baridi kwa mkondo mdogo wa umeme, na daima weka sampuli ya seli za kawaida kwenye jeli hiyo hiyo. Sampuli ya kawaida isipoonyesha mstari, jeli nzima haina maana.

Onyo: kloni inayokua polepole sana usiitupe wala usiichague haraka. Iandike pembeni, kwa sababu utaihitaji katika Hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Amsha seli

Siku moja kabla, punguza msongamano wa seli ili ziwe katika ukuaji wa kasi. Siku ya kuamsha, hesabu seli hai, na usiendelee ikiwa seli hai ni chini ya asilimia 90.

Weka seli 50,000 kwa kila mililita. Changanya viamshi katika mediamu mpya: kingamwili dhidi ya CD40 mikrogramu 1 kwa mililita, IL-4 nanogramu 10 hadi 20 kwa mililita, na TGF-β1 nanogramu 1 kwa mililita. Tengeneza mchanganyiko mmoja mkubwa na ugawe katika visima vyote. Ukipima viamshi kisima kwa kisima, tofauti ndogo za pipeti zitageuka tofauti kubwa za IgA baada ya siku tatu.

Kila sahani iwe na kisima cha seli za kawaida zisizoamshwa, za kawaida zilizoamshwa, zisizo na AID zilizoamshwa, na zisizo na 53BP1 zilizoamshwa. Kisima cha AID hukuonyesha sifuri ya kweli ya jaribio. Kisima cha 53BP1 hukuonyesha kama mfumo wako una uwezo wa kugundua kasoro ya kuunga.

Acha seli kwenye inkubeta ya nyuzi joto 37 na kaboni dioksidi asilimia 5 kwa saa 72. Kagua rangi ya mediamu baada ya saa 48. Ikianza kuwa njano, seli zimesongamana. Ongeza mediamu yenye viamshi kwa kiasi kile kile katika visima vyote, hata vile ambavyo rangi yake bado ni nzuri. Msongamano hushusha ubadilishaji, nayo ni njia rahisi sana ya kupata matokeo ya uongo.

## Hatua ya 4: Pima IgA

Chukua seli kati ya 500,000 na milioni 1 kwa kila sampuli. Zioshe kwa bafa yenye seramu asilimia 2, ziba vipokezi vya Fc, kisha weka kingamwili dhidi ya IgA kwa dakika 20 hadi 30 kwenye barafu, gizani. Osha, ongeza DAPI, na upime mara moja.

Chora geti kwa mpangilio huu: kwanza umbo la seli, kisha seli moja moja ili kuondoa zilizoshikana, kisha seli hai zisizo na DAPI, na mwisho IgA. Wanaoruka geti ya DAPI hupata IgA nyingi isiyokuwepo, kwa kuwa seli zilizokufa hunasa kingamwili za rangi ovyo.

Usidai kwamba seli lazima ipoteze IgM ndipo ihesabiwe. Protini ya IgM iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko huendelea kukaa juu ya seli kwa muda, hivyo baadhi ya seli zitaonyesha zote mbili. Hesabu seli zote zenye IgA.

Mafanikio yanavyoonekana: seli za kawaida hufika asilimia 20 hadi 50 kutegemea kloni na seramu, zisizo na AID hubaki sawa na zisizoamshwa, zisizo na 53BP1 hupanda kidogo tu. Ikiwa seli za kawaida ziko chini ya asilimia 10, usitafsiri chochote. Rudi kwenye sitokini, seramu na msongamano, kwa mpangilio huo.

Rudia jaribio zima siku tatu tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni kipimo kimoja kilichorudiwa, na takwimu zinazovihesabu kama majaribio matatu si za kweli.

## Hatua ya 5: Ondoa shaka ya mgawanyiko na kifo

Ubadilishaji wa daraja huenda sambamba na mgawanyiko wa seli. Protini nyingi za ukarabati, zikiondolewa, huchelewesha mzunguko wa seli, na seli iliyogawanyika mara tatu haiwezi kulinganishwa na iliyogawanyika mara sita.

Paka seli CFSE kabla ya kuziamsha, kisha baada ya saa 72 linganisha asilimia ya IgA ndani ya kila kundi la mgawanyiko. Kwa kila mgawanyiko, mwangaza wa CFSE hupungua nusu. Ikiwa IgA iko chini hata kwa seli zilizogawanyika mara sawa na za kawaida, kasoro ni ya ubadilishaji wenyewe. Ikiwa tofauti inatoweka unapolinganisha hivi, umegundua tatizo la ukuaji, na hayo ndiyo unayopaswa kuyaandika.

Hesabu pia seli zilizokufa. Seli ambayo DNA yake ilikatwa ikashindwa kuungwa inaweza kufa kabla hujaipima, na kifo hicho kikiongezeka tu pale AID ilipo, ni ushahidi wa upande wa kuunga.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwamba mkasi ulikuwepo

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobeba uzito wa mwongozo wote.

Kwanza, pima AID kwa westani bloti saa 24 na saa 48 baada ya kuamsha. Protini hii ni ndogo, karibu kilodaltoni 24, hivyo mpangilio wa jeli uliotumia kwa 53BP1 utaipoteza. Endesha jeli nyingine ya asilimia kubwa. Kloni yenye AID pungufu itakuwa na IgA pungufu hata kama ukarabati wake ni mzima kabisa.

Pili, pima nakala za RNA za awali kwa PCR ya kiasi: Iμ-Cμ (inayopitia Sμ, eneo S la IgM) na Iα-Cα (inayopitia Sα, eneo S la IgA). Bila unakili kupitia eneo Sα, AID haina uzi wazi wa kugusa. Tibu RNA kwa DNase (kimeng'enya kinachoharibu DNA) na uweke sampuli isiyopitia kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, ili ujue kwamba hupimi DNA iliyochafua. Nakala za Iμ-Cμ zinaweza kuwa za kawaida huku Iα-Cα zikiwa zimeshuka. Hali hiyo kwa kawaida huelekeza kwenye TGF-β1 au njia yake ya ishara ndani ya seli.

Tatu, tafuta mkato wenyewe. Kuna njia mbili zinazowezekana katika maabara ya kawaida. Ya kwanza ni kuangalia mkusanyiko wa H2AX yenye fosfati kwenye eneo la jeni za mnyororo mzito kwa kuvuta kromatini, ukilinganisha na seli zisizo na AID. Ya pili ni kuhesabu kromosomu 12 za panya zilizovunjika kwenye eneo hilo kwa vipimo vya rangi vya kromosomu. Seli zisizo na XRCC4 au Ligesi 4 huonyesha kromosomu zilizovunjika za aina hii kwa wingi. Zisizo na UNG hazionyeshi, kwa kuwa kwao mkato wenyewe ni haba.

Mafanikio yanavyoonekana: AID na nakala zote mbili ziko sawa na za kawaida, mikato ipo, na IgA bado iko chini. Hapo tu ndipo unapoweza kusema kwamba kasoro iko baada ya mkato.

## Hatua ya 7: Soma sura ya kasoro

Kila kundi la protini huacha sura yake, na kuifahamu hukuwezesha kubashiri mahali protini yako mpya inapokaa.

Kundi la wakataji: UNG, MSH2, MSH6. Bila UNG, ubadilishaji hushuka vibaya sana kwa panya na kwa binadamu. Bila MSH2 hushuka kwa kiasi. Zikikosekana zote mbili, hufika karibu sifuri, kwa sababu urasili hauna tena njia ya kugeuka mkato. Ukiona IgA ya chini bila ongezeko la mikato na bila kromosomu zilizovunjika, anza kufikiria kundi hili, au hatua za kabla yake.

Kundi la wapiga mbiu: ATM, H2AX, MDC1, RNF8, RNF168. Ubadilishaji hupungua lakini hauishi, na mikato isiyoungwa huonekana. Kwa binadamu, kasoro ya RNF168 ndiyo chanzo cha ugonjwa uitwao RIDDLE, wenye upungufu wa kinga na wepesi wa kudhuriwa na mionzi. Tahadhari kubwa hapa ni matumizi ya dawa za kuzuia ATM badala ya kuzima jeni. Panya asiye na ATM kabisa huzaliwa, lakini aliye na ATM isiyo na nguvu ya kimeng'enya hufa akiwa kiinitete. Protini iliyopo bila kufanya kazi ni kikwazo cha aina nyingine. Matokeo ya dawa na matokeo ya kuzima jeni hayabadilishani nafasi.

Kundi la walinzi wa ncha: 53BP1, RIF1, REV7 na shieldini. Hapa kushuka ni kukubwa ajabu, mara nyingi kuliko kwa kuondoa Ligesi 4 yenyewe, na hili huwashangaza wengi. Sababu yake ni kwamba ncha zisipolindwa huchongwa, na ncha zilizochongwa huelekea kuungana ndani ya eneo S lile lile badala ya kuvuka hadi eneo la mbali. Kasoro ya umbali na ulinzi hudhuru ubadilishaji kuliko kasoro ya gundi, kwa sababu gundi ina mbadala. Ukichunguza REV7, kumbuka kwamba ni sehemu pia ya polimerasi zeta, kimeng'enya kinachonakili DNA iliyoharibika, hivyo kudhoofika kwa seli kunaweza kutoka huko. Linganisha na SHLD1 au SHLD2, protini za kundi la shieldini ambazo hazina kazi hiyo.

Kundi la waungaji: Ku70, Ku80, XRCC4, Ligesi 4. Kinyume na matarajio, seli zisizo na Ligesi 4 au XRCC4 bado hubadilika kwa kiwango kinachoonekana wazi, ingawa polepole na kwa upungufu. Njia mbadala ya kuunga huchukua nafasi. Mwanafunzi anayeona IgA ya wastani katika kloni isiyo na Ligesi 4 asidhani CRISPR ilishindwa. Aangalie kwanza maungio, yaani mahali ncha za DNA zilipoungwa (Hatua ya 8).

Wasaidizi: DNA-PKcs, XLF, PAXX. Ukiondoa mmoja mmoja, athari ni ndogo. Hufanya kazi kwa kushikana mikono, na matokeo hafifu ya jeni moja hayamaanishi kwamba protini haina kazi. Ikiwa una uwezo wa kuzima jeni mbili pamoja, hapa ndipo penye faida.

## Hatua ya 8: Soma maungio herufi kwa herufi

Toa DNA kutoka kwa seli za IgA zilizotengwa, kuza maungio ya Sμ-Sα kwa PCR ya awamu mbili, yaingize kwenye plasmidi (duara dogo la DNA la kubebea), kisha soma mfuatano wa kila moja. Linganisha kila ungio na mfuatano wa Sμ na wa Sα, na uhesabu herufi zinazofanana pande zote mbili za mahali palipoungwa.

Katika seli za kawaida, maungio mengi yana herufi 0 hadi 3 za kufanana, na sehemu nzuri ni ya moja kwa moja, yaani bila herufi hata moja ya pamoja. Katika seli zisizo na XRCC4 au Ligesi 4, maungio ya moja kwa moja karibu hutoweka na yenye mfanano mrefu huongezeka. Hiyo ndiyo saini ya njia mbadala.

Maeneo S yamejaa marudio, na PCR hupenda kuruka kutoka rudio moja hadi jingine. Tumia mizunguko michache iwezekanavyo, gawanya DNA katika mirija mingi midogo, na uhesabu mara moja tu ungio linalojirudia likiwa na herufi zile zile. Linganisha Sμ-Sα na Sμ-Sα peke yake. Kwa binadamu, Sμ na Sα hufanana zaidi kuliko Sμ na Sγ, hivyo maungio ya IgA yana mfanano mrefu hata kwa mtu mzima wa afya. Ukiyaweka kando ya maungio ya IgG utagundua ugonjwa ambao haupo.

Kwa maoni yangu, maungio yasiyofika 50 yaliyo tofauti kwa kila aina ya seli hayatoshi kutolea hukumu. Sampuli ndogo hutoa grafu za kuvutia zinazobomoka mtu mwingine anaporudia.

## Hatua ya 9: Irudishe protini

Ingiza jeni nzima kwa virusi vyenye alama ya GFP katika kloni isiyo nayo, kisha amsha na ulinganishe seli za GFP na zisizo na GFP ndani ya kisima kile kile. Ulinganisho wa kisima kimoja huondoa tofauti za sitokini, msongamano na siku. Weka pia virusi vitupu.

Kwa 53BP1, jeni nzima ni kubwa mno kubebwa kwa urahisi. Tumia kipande kisicho na vikoa (sehemu za protini) vya BRCT vya mwisho, kwani vikoa hivyo havihitajiki kwa ubadilishaji wa daraja. Kama kilinganishi, tumia kipande hicho hicho chenye badiliko la D1518R (asidi amino moja iliyobadilishwa) katika kikoa cha Tudor cha panya, ambalo huzuia protini kushika kromatini: kipande kizima kirudishe IgA, chenye badiliko kisirudishe.

Protini ikirudi na IgA isirudi, kloni yako ina kasoro nyingine. Ichunguze kloni ya mwongozo wa pili kabla ya kuandika neno lolote.

## Ukihamia kwenye seli za wengu wa panya

Matokeo ya CH12F3 yanahusu IgA pekee na seli za saratani. Kwa hiyo, ukipata kibali cha kutumia wanyama, rudia kwa seli B za wengu zilizotengwa kwa kuondoa seli zenye CD43. LPS (kijenzi cha ukuta wa bakteria kinachoamsha seli B) mikrogramu 25 kwa mililita pamoja na IL-4 hutoa IgG1. LPS peke yake hutoa IgG3. LPS na interferoni gama hutoa IgG2a, au IgG2c kwa panya wa jamii ya C57BL/6. Pima IgG1 kati ya saa 72 na 96.

Panya wasio na Ku70, Ku80, XRCC4 au Ligesi 4 hawana seli B zilizokomaa za kupima, kwa kuwa protini hizo hizo huhitajika kutunga jeni za kingamwili mwanzoni kabisa, na wasio na XRCC4 au Ligesi 4 hawafiki hata kuzaliwa. Kwa protini hizi itabidi utumie panya ambao jeni huzimwa baada ya seli B kukomaa, au ubaki na CH12F3.

Ripoti kila daraja peke yake. Marudio ya Sγ (maeneo S ya IgG) yana urefu wa herufi 49 na ya Sα herufi 80, na maeneo hayo hayavutii AID kwa kiwango kimoja, hivyo protini moja inaweza kushusha IgG3 sana na IgG1 kidogo bila kuwepo kosa lolote katika jaribio lako.